Mteremko wa Kulinganishia

Mmeshakubaliana mtanizika wapi, au mmeingia humu kunisikiliza kwa adabu tu, huku mioyoni mnangoja nimalize mkaendelee na kikao chenu cha sebuleni? Msitazamane. Ukuta huu nimeujenga mimi, matofali yake nimeyachoma mwenyewe, najua unapopitisha upepo na unapopitisha umbea. Nimewasikia. Mkubwa ulisema, "Makaburi ya manispaa yanatosha, Mama yuko kule, watakuwa pamoja," na mdogo wako akakujibu, "Pamoja wapi, na katikati yao wameshapangwa wageni kama abiria wa basi?" Mziwanda wangu, ulimi huo utakuponza siku moja, lakini ulinichekesha mpaka kifua kikanibana.

Sikilizeni, wanangu. Na wewe mdogo wangu uliyekaa mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi, sogea ndani, kiti kipo. Nimekuita mimi, na aliyeitwa haombi radhi kwa kuingia. Vumbi la saruji nililolivuta maisha yangu yote sasa limeamua kujenga humu kifuani, na fundi huyo, tofauti na mimi, hapumziki Jumapili. Kwa hiyo nitasema moja kwa moja, na nikikohoa mnisubiri, msinimalizie maneno.

Mimi sizikwi manispaa. Mnizike hapa nyumbani, kule mteremkoni, kwenye nusu yetu ya kilima, juu kidogo ya kichwa cha korongo. Haya, tazameni, Mkubwa ameshashika kichwa. Mziwanda, msogezee kaka yako kigoda kabla hajaanguka, maana yeye ndiye atakayechimba.

Najua, mwanangu. Najua pale hapachimbwi. Hapachimbwi, hapapandwi, halisogezwi hata jiwe. Umenikumbusha sheria hiyo mara nyingi kuliko ulivyonikumbusha kunywa dawa. Lakini mdogo wako alizaliwa akalikuta korongo lipo kama alivyoukuta mwezi, na hakuna aliyemsimulia lilikoanzia, na jambo likisimuliwa nusu hurithiwa nusu. Acheni nianze mwanzo.

Kilima hiki kilikuwa kimoja. Baba yetu alipofariki tulikigawa kwa kamba, mimi na huyu mdogo wangu, kutoka kileleni hadi kijitoni, yeye upande wa mawio, mimi upande wa machweo, na udongo ulikuwa ule ule, mweusi, mzito, ukiufumbata unabaki na alama za vidole vyako. Hatukuwahi kugombana hata kwa ajili ya jogoo. Ndipo wakaja watu wa Kituo cha Utafiti wa Mazingira na gari lao jeupe, na yule Profesa, ambaye siku hizo alikuwa kijana mwembamba mwenye tai iliyorukiwa na tope, na leo ndiye Mkurugenzi anayefunguliwa mlango na dereva. Tukakaa kwenye meza ile ile iliyopo jikoni. Akasema hali ya hewa inabadilika, mvua zinachelewa kisha zinakuja na hasira za kuchelewa, na serikali haina sera ya kulinda miteremko kwa sababu haina ushahidi. Basi wanatafuta miteremko miwili inayofanana kama mapacha, mmoja wajengewe kuta za mawe na kupandwa miti, mwingine uachwe ulivyo, kisha walinganishe. Nikauliza, "Huo wa kuachwa mnauitaje?" Akasema, "Huo ndio control, mzee. Bila huo hatujui chochote." Aliniita mzee nikiwa sina hata mvi moja, nilipaswa kushtuka hapo hapo. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Sasa nani apewe kuta na nani aachwe? Profesa akatoa sarafu mfukoni. Akatueleza kwamba sayansi haina upendeleo, haimjui mkubwa wala mdogo, ndiyo maana lazima bahati iamue. Akairusha. Ikagonga meza, ikabiringika, ikaingia uvunguni mwa kabati, na sisi wanaume wazima watatu tukapiga magoti kutafuta hatima ya udongo wetu katikati ya utando wa buibui. Mama yenu alisimama hapo na mwiko wa kupikia akauliza, "Mmepoteza nini huko chini?" Sarafu ilipoonekana, mdogo wangu alikuwa amepata kuta na miti. Mimi nilikuwa nimepata neno la Kizungu.

Na wewe, mdogo wangu, ukanipiga begani ukasema, "Kaka, Mungu kachagua." Nilikuwa najiuliza ni Mungu gani huyo anayejificha uvunguni mwa kabati.

Kituo kikanipa kazi, maana walihitaji fundi mwashi na fundi nilikuwa mimi. Kuta zote za mawe zinazoukata mteremko wa baba yenu mdogo ni za mikono hii. Mchana nilijenga kwake, jioni nikarudi kwangu ambako nilikatazwa kuweka jiwe juu ya jiwe. Kinyozi hajinyoi, hilo nililijua tangu utotoni, lakini sikujua kuna kinyozi anayesainishwa mkataba wa kutojinyoa. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi mawe nilikuwa nayo, mikono nilikuwa nayo, na ufa nilikuwa nautazama kila asubuhi nikipiga mswaki.

Mama yenu akawauliza, "Na kwetu lini?" Profesa akaweka mkono kifuani. "Phase one ikiisha, mama, tunawajengea na nyinyi. That's a promise." Phase one ikaisha. Jibu likawa wazi kama kipara: upande wa pili udongo ulitulia, majani yakashika, hadi chemchemi iliyokuwa imekauka ikaanza kulia tena, upande wetu mvua ilikuwa ikija inachukua inachotaka na kuondoka bila kuaga. Hata mbuzi angeliona hilo bila kusomeshwa. Wakafurahi, wakapeana mikono, wakapiga picha wamesimama kwenye tope langu. Kisha wakasema kwa kuwa matokeo ni mazuri mno, wafadhili wameomba phase two. Baada ya phase two ikaja nyingine, na kila iliyokuja ilikuwa na wafadhili wapya, vijana wapya, viatu vipya, na ahadi ile ile ya zamani waliyoipangusa vumbi.

Walipigilia nondo nyembamba ardhini zikabaki vichwa tu, wakatueleza kwamba udongo ukiondoka nondo zitajitokeza, na urefu wake ndio hesabu ya kilichopotea. Kwanza zilichungulia kama vidole. Kisha zikasimama kama mbavu za punda aliyekufa njaa. Huko chini wakajenga tangi la kukingia tope, na kila mvua ikipita walikuja kulichota, wakajaza magunia, wakapeleka maabara wakakausha, wakapima kwa mizani. Nilimwuliza kijana wao mmoja mchangamfu, "Mkishaupima mnaupeleka wapi?" Akacheka akasema, "Tunaumwaga nyuma ya jengo, mzee." Nyuma ya jengo lao pana bustani ya maua. Nimekwenda nikaiona kwa macho yangu. Imestawi sana, hongera zao.

Maji kidogo, Mziwanda. Usinipe yote.

Mama yenu hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa akisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilishauma vya kutosha. Akachukua kisu cha jikoni akapanda mstari wa majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa korongo, yale yenye mizizi inayoshikana kama watoto wanaovuka barabara. Yakashika. Wakaja. Hawakugomba, maana ni watu wenye adabu sana. Wakamwambia, "Mama, with all due respect, hii ni control," wakayang'oa moja moja, wakamkabidhi mkononi na mizizi yake. Kisha wakaandika. Mkubwa, wewe ulikuwa sekondari, Kizungu chako ndiyo kwanza kimeota meno, ukachungulia begani mwa yule mwandishi ukatusomea kwa sauti: "Minor disturbance." Mama yako akauliza, "Ndiyo nini?" Ukamwambia, "Usumbufu mdogo, Mama." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ndani ya nyumba hii akawa anajiita hivyo. "Usumbufu Mdogo anaomba chumvi." "Usumbufu Mdogo anakwenda kulala." Mlikuwa mnacheka naye. Mimi nilikuwa nacheka pia, lakini nilikuwa namwona usiku anavyoyasikiliza maji.

Sera ikatoka. Siwezi kusema ni sera mbaya, aisifuye mvua imemnyea, na mimi imeninyea hadi mifupani. Kila mwenye mteremko aliamriwa aulinde kwa mawe au kwa miti, na asiyefanya atozwe faini, na leo ukipanda kileleni ukatazama huku na huku unaona vilima vimevaa kijani, na vyote hivyo vimevaa kwa sababu cha kwangu kilivuliwa. Ila kule nyuma, kwenye ibara ambayo hakuna anayefika akiwa macho, waliandika kwamba amri hiyo haiyahusu maeneo maalumu ya utafiti. Majirani zangu walitozwa faini kwa kutojenga. Mimi ningetozwa kwa kujenga. Mziwanda alinionyesha kwenye simu yake mkutano mmoja mkubwa, watu na vitambulisho vyao shingoni, ukumbi una baridi hadi wanawake wamejifunika mitandio, na korongo letu limetandazwa ukutani nyuma ya msemaji kama pazia la harusi, na watu wanalipigia makofi. Nikamwambia, "Hebu ikuze, tuone kama choo chetu kimo." Akaikuza. Kilikuwemo, pale pembeni. Mvua zilizofuata zikaja kukichukua, na wale wa ukumbini sidhani kama waliarifiwa.

Kisha mama yenu akaugua, na katika kuugua kwake aliomba kitu kimoja tu: alazwe hapa kilimani, mahali anapoweza kuzisikia sufuria zake. Huku uani ni mwamba mtupu, hata nyundo yangu ilishindwa. Upande wa baba yenu mdogo nao ulikuwa ndani ya utafiti. Ilibaki kwetu, mteremkoni. Mkubwa, ulikuwa ndiyo kwanza umeajiriwa Kituoni, shati lako bado lina mikunjo ya dukani, na wao, watu wenye akili, wakakutuma wewe. Ulisimama hapo hapo ulipo sasa. "Baba, si mimi, ni utaratibu. Kaburi ni uchimbaji. Pakichimbwa pale juu maji yatabadili njia, na data ya miaka yote itaharibika." Mama yako alikuwa bado hajaoshwa.

Usilie, sikukuitia hilo. Sikukulaani siku ile na sikulaani leo. Kazi siku hizi ni kama yai mkononi mwa mtu anayekimbizwa, na ulilibeba kama ulivyoweza. Tukampeleka manispaa, tukamlaza kati ya mtu tusiyemjua na mtu tusiyemjua. Mkurugenzi alifika na shada la maua. Nadhani mnajua yalikochumwa. Akanishika mkono akasema, "Sorry for your loss." Ndiyo, hasara za nyumba hii anazijua vizuri, amezipima tangu akiwa kijana.

Sasa nije kwako, mdogo wangu. Korongo halikusoma mkataba, na halikuijua ile kamba tuliyogawia. Zilipokuja zile mvua za kupasua mapaa, lilipinda kiuno, likaingia chini ya kuta nilizokujengea, na ukuta wa chini ukalala kama mlevi. Ukaja uani kwangu na jembe begani, unapiga kelele mbele ya watoto, "Korongo lako linanila!" Nami nikakujibu, "Langu? Mwulize yule Mungu wako wa uvunguni." Nikacheka. Hukucheka. Tangu hapo salamu zetu zimepita kwa watoto kama barua zisizo na stempu, na tumepishana kwenye ngazi ya duka kama wasiojuana, na tumekaa msibani kila mtu upande wake. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema. Sisi tuligombana mpaka pa kulima pakaisha.

Ulipewa kuta, nikapewa korongo, na mwisho wake sote tumebaki na shimo moja. Hukunikosea kitu. Uliamini umebarikiwa, na nani asiyependa kuamini hivyo? Lete mkono. Si huo wenye kofia, huo mwingine. Umekuwa mwepesi, mdogo wangu. Haya, tusiwape watoto hawa cha kusimulia, tulia.

Jumapili Mkubwa alikuja, akakaa hapo kitandani, akanishika mguu, nikajua ana jambo, maana hajawahi kunishika mguu bure. "Baba, wanaomba phase nyingine. Mvua za sasa hazijawahi kuonekana, hii ndiyo miaka ya kuzielewa. Tukisimama sasa, the whole series ya vipimo inakatika." Nikamsaidia: na shahada yako ya udaktari imelala juu ya korongo hilo hilo. Akainamisha kichwa. Mziwanda pale dirishani akadakia, "Series gani? Jibu walilijua kabla mimi sijazaliwa. Sasa wanalijua kwa ufasaha zaidi, ndiyo tofauti." Kaka mtu akamwambia, "Wewe nyamaza, huna hata kazi." "Sina kazi, sawa. Hata choo sina, mmekipima mkakipeleka wapi?"

Na kweli hana kazi, huyu, na shahada ya mazingira ameifungia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Aliomba Kituoni, wakamjibu kwa barua nzuri kwamba hana uzoefu wa uwandani. Mtoto aliyetambaa kwenye uwanda wao, aliyejifunza kuhesabu kwa nondo zao! Mziwanda, hasira unayo na haki nayo unayo, sikutulizi. Ila moto wa jikoni na moto wa paani ni moto mmoja, tofauti ni pa kuuwashia. Usichome gari lao kama ulivyosema juzi ukidhani nimelala. Gari litalipwa na bima, na wewe utalipwa na jela. Jifunze ile ibara ya nyuma, uijue kuliko walioiandika, uisome mbele yao kwa sauti hiyo hiyo unayomsutia kaka yako.

Na wewe Mkubwa, nisikie vizuri, nisije nikaondoka ukidhani baba yako alikuwa adui wa elimu. Sikatai. Ushahidi ulihitajika, na mtu lazima autoe. Lakini mtoa damu hulazwa, huchomwa sindano, chupa ikijaa huambiwa asante, inuka, kunywa chai uende zako. Hajazwi chupa ya pili na ya tatu kwa sababu damu yake ni nzuri na daktari ana maswali mengine. Kilima hiki kimelala kwenye kitanda hicho tangu ukiwa unatambaa. Waliotakiwa kusema inatosha ni wao. Hawakusema. Mama yako alisema kwa majani, wakamng'olea. Sasa nitasema mimi, kwa njia iliyobaki, maana mkataba unakataza kuchimba, na maiti haishtakiwi. Mkishanizika pale, mteremko huo haulinganishiki tena na chochote. Umekwisha. Umefunguliwa.

Ngojeni... kifua. Nipandisheni mto. Hapo.

Mali. Mali ni chache, ndiyo raha ya kufa fundi. Nyumba hii ni ya Mziwanda, lakini si ya kulala: ufa wa chumba cha nyuma mmeuona, umeanzia sakafuni unapanda, mimi nimekuwa nikiuziba kwa saruji na kuupaka chokaa ili msiogope. Mvua kubwa ikianza, mhame chumba hicho, na kiangazi kikija mvunje, mchukue milango, madirisha, bati, kila tofali linalokubali kutoka zima, mjenge upya kule uani kwenye mwamba. Timazi yangu, mwiko na pimamaji mpeni baba yenu mdogo, yeye ana jicho la kunyoosha ukuta kuliko alivyowahi kukiri. Ile kamba ya mpaka iondolewe. Kilima kiwe kimoja kama kilivyokuwa kwa babu yenu, maana nusu haiponi nusu ikioza.

Wewe Mkubwa, nakurithisha korongo.

Usiniangalie hivyo. Mdogo wako amepata nyumba yenye ufa, wewe umepata ufa wenyewe. Wakikufukuza kazi kwa ajili ya kaburi langu, utakuwa na kazi. Wasipokufukuza, utaingia maabara asubuhi na udongo wa baba yako kwenye viatu. Ukihitaji shahada, andika jinsi korongo linavyofungwa, hilo hawajalipima.

Siku yenyewe, jembe la kwanza ni la Mkubwa. Si la mzikaji, si la jirani. La kwake. Usipige simu Kituoni kwanza. Kaburi likae kwa ubavu, likate mteremko, lisielekee chini, maana likielekea chini maji yataligeuza mfereji na nitawafikia kijitoni kabla ya arobaini. Msiweke saruji, nimeila ya kutosha. Wekeni mawe, na jiwe la kwanza aweke mdogo wangu, kisha kutoka kichwani kwangu na kutoka miguuni ukuta uendelee, huku na huku, hadi uguse zile kuta za upande wake. Nondo zing'oeni. Majani ya mama yenu... yapo bado, nyuma ya jiko, alikuwa ameficha shina moja kwenye kopo. Mliyadhani ni magugu. Gawanyeni hayo. Yatashika.

Na mama yenu, mkiweza... siku moja... mleteni. Si lazima. Mkiweza.

Mziwanda, nishike. Nasikia baridi na jua lipo.

Nawabariki, wanangu. Mikono yenu ishike kinachoshikika. Mkigombana, mgombane kwa karibu, mkiwa mnaonana. Asiwe kati yenu wa kulinganishiwa mwenzake. Mkipata watoto, waoteshe mizizi kabla ya... kabla ya... mnanielewa. Mdogo wangu, na wewe. Radhi zangu zote. Zote.

Mkubwa, hiyo simu. Washa sauti. Inarekodi? Haya si yenu tena. Haya yapelekeni Kituoni.

Mkurugenzi. Na nyinyi wote mliokaa kwenye ukumbi ule wa baridi, mlioandika ile ibara, mliosaini phase baada ya phase... Mlisema ya kwanza ikiisha. Imeisha. Msije na maua. Msije na nondo, wala magunia, wala mpiga picha. Njooni wenyewe, kwa miguu yenu, na mawe mabegani... kabla mvua hazijashuka... mzibe hilo korongo, kichwani hadi kijitoni. Mkimaliza hapa, nendeni kwenye kila mteremko mliouacha uchi ili mwingine uonekane umevaa. Kila mmoja. Msilinganishe. Msi... msipime.

Zibeni.